Jicho linacheza, mkono unatetemeka: jinsi ya kuueleza mwili unaojisogeza wenyewe

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba karibu kila msogeo mdogo wa mwili ambao mwenyewe hakuutaka: kucheza. Jicho linacheza, shavu linacheza, msuli wa paja unacheza, hata kidole cha aliyelala kinacheza. Mtaani kinatosha. Hospitalini hakitoshi, kwa sababu kope linalocheza kwa uchovu, pembe ya mdomo inayocheza kwa kifafa na misuli inayocheza kwa sumu ya kuulia wadudu vyote vinaelezwa kwa kitenzi hichohicho. La kwanza halihitaji hata kidonge kimoja. La tatu linaweza kuua siku hiyohiyo.

Maneno ya kutenganisha tunayo, ila tunayachanganya. Kupwita ni mdundo mdogo chini ya ngozi, kiungo chenyewe hakiendi popote. Kutetemeka ni kutikisika huku na huku kwa mwendo unaolingana. Kushtuka ni mara moja, ghafla, kisha basi. Kukakamaa ni msuli kukaza na kugoma kulegea. Kutukutika ni kutotulia: msogeo mmoja haujaisha mwingine umeanzia mahali pengine, bila mpangilio. Mzazi akimwambia daktari "anashtuka" badala ya "anacheza", tayari ameshamwelekeza njia, hata kama yeye mwenyewe hajui ugonjwa wenyewe ni upi.

Jicho

Kinachocheza si jicho lenyewe. Jicho limetulia; kinachopwita ni nyuzi chache za msuli wa mviringo unaolizunguka, ule tunaoutumia kufumba na kukonyeza. Mara nyingi ni kope la chini, la upande mmoja tu. Mwenyewe huhisi kama uso mzima unaruka, lakini akijitazama kwenye kioo huona mtikisiko mdogo sana, na pengine asiuone kabisa. Huja kwa sekunde kadhaa, huacha, hurudi, na unaweza kwenda hivyo kwa siku nyingi, hata wiki mbili tatu.

Tafsiri za mtaani zinajulikana. La juu likicheza utamwona mtu mliyepoteana naye; la chini likicheza utalia. Wengine hugawa kwa kulia na kushoto, heri na shari, na nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupingana lipi ni la heri. Hakuna madhara kuambizana hivyo. Tatizo dogo la hiyo ya kope la chini ni kwamba ndilo linalocheza zaidi kwa watu karibu wote, kwa hiyo wanaosubiri kulia hawataisha mjini.

Sababu za kawaida ni usingizi pungufu, kahawa au chai nzito kupita kiasi, vinywaji vya kuongeza nguvu, wasiwasi, na macho kukauka kwa kukodolea simu au kompyuta muda mrefu (mtu anayesoma kwenye skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na jicho hukosa kulowanishwa). Tiba yake inachosha kuisikia kwa sababu ni rahisi: lala saa 7 hadi 8, punguza kahawa kidogokidogo badala ya kuikata siku moja maana kuikata ghafla huleta maumivu ya kichwa, na ukisumbuka sana weka kitambaa kilicholowanishwa maji ya uvuguvugu juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Mwenye macho makavu anaweza kutumia matone ya machozi ya bandia. Asitumie matone yoyote yaliyobaki nyumbani, kwani yenye steroidi yakitumika kwa muda mrefu bila kusimamiwa hupandisha presha ya ndani ya jicho na yanaweza kuharibu uwezo wa kuona. Vidonge vya magnesiamu vinauzwa sana kwa kazi hii. Kama mwili haukupungukiwa na madini hayo, usitarajie makubwa.

Sasa, lini si uchovu tena? Ikiwa jicho linafumba kabisa lenyewe. Ikiwa mtikisiko umeshuka kwenye shavu na pembe ya mdomo. Ikiwa kope limeanza kulegea, jicho limekuwa jekundu, au jambo limepita wiki kadhaa bila kupungua. Hapo kuna hali mbili zinazofanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu. Moja hushika macho yote mawili: hupepesa mno, kisha hufumba kwa nguvu, zaidi kwenye jua au ukiendesha gari, mpaka mtu analazimika kuyafungua kwa vidole. Nyingine hushika nusu ya uso tu, huanzia jichoni na kwa miezi au miaka hushuka hadi mdomoni, na haiachi hata mtu akilala. Hiyo ya nusu ya uso mara nyingi husababishwa na mshipa wa damu unaougusa mshipa wa fahamu wa saba pale unapotoka kwenye ubongo. Zote mbili hutulizwa kwa sindano za sumu ya botulinamu, inayolegeza misuli, kwa kipimo kidogo sana, ambazo nguvu yake huisha baada ya miezi 3 au 4 na hurudiwa. Watu wengi hutibiwa macho kwa matone miaka nenda rudi kwa sababu tu walisema "jicho linacheza" na hakuna aliyewauliza kuhusu mdomo.

Shavu la mguu, kwikwi na kushtuka usingizini

Misuli ya shavu la mguu kupwita jioni baada ya kutembea sana au kucheza mpira ni jambo la kawaida mno. Mtu akikaa kimya ataiona ngozi ikirukaruka hapa na pale kama matone ya mvua juu ya maji. Wanaosoma mtandaoni usiku hukutana haraka na ugonjwa wa kufa kwa seli za fahamu zinazoendesha misuli, na usingizi unaishia hapo. Tofauti ni nguvu. Katika ugonjwa ule msuli unadhoofika na kukonda: mguu unaburuta, vifungo vya shati vinashindikana, ulimi unakuwa mzito. Msuli unaopwita lakini bado unaweza kusimama kwa vidole vya mguu mmoja na kupanda ngazi kama zamani, kwa kawaida hauna ubaya.

Kwikwi nayo ni msogeo usiotakwa, ingawa wachache huihesabu humu. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hujikaza ghafla, hewa huingia kwa kasi, na koo hufunga papo hapo; kule kufunga ndiko kunakotoa sauti. Tumbo lililojaa, soda, pilipili na kula upesi huichochea. Kubana pumzi, kunywa maji kwa mafundo madogo mfululizo au kumeza kijiko cha sukari kavu husaidia wengi. Kwa mtoto mchanga, kule kubandika kauzi kenye mate kwenye paji la uso hakutibu wala hakudhuru, ila kauzi kaondolewe kabla hajalala, kasije kakafika mdomoni. Kwikwi ya mchanga huisha yenyewe. Kwa mtu mzima, mpaka unaotumiwa na madaktari ni saa 48: ikipita hapo, itafutwe sababu, iwe tumbo, figo, dawa au ubongo. Rekodi inayojulikana ni ya Mmarekani Charles Osborne, aliyeanza kwikwi mwaka 1922 na ikamwacha mwaka 1990.

Kushtuka wakati usingizi unaanza, kana kwamba unaanguka shimoni, hutokea kwa watu wengi na hakuhitaji kitu. Kushtuka asubuhi baada ya kuamka ni habari nyingine kabisa. Kijana wa miaka 12 hadi 18 ambaye asubuhi mikono inaruka ghafla, kikombe kinamtoka, mswaki unamtoka, na hali inakuwa mbaya zaidi akikesha, huenda ana aina ya kifafa inayoanza ujanani. Nyumbani ataitwa mzembe. Hili lina uzito katika dawa pia: kabamazepini, mojawapo ya dawa za kifafa zinazotolewa sana katika nchi zetu, inaweza kuzidisha mishtuko ya aina hii. Kijana akianzishiwa dawa akasema "asubuhi naangusha vitu zaidi", arudi hospitali aseme hivyohivyo, asiache dawa kimya kimya.

Kutetemeka

Mikono ya kila mtu hutetemeka kidogo. Nyoosha mikono mbele, vidole vitandazwe, weka karatasi juu yake, utaiona kingo zake zikitikisika. Hofu, njaa, kahawa, miraa na dawa ya pumu aina ya salbutamoli huongeza mtetemo huo. Mtu aliyevuta salbutamoli mara nyingi kwa siku moja na mikono ikaanza kutetemeka hana ugonjwa mpya. Ana pumu isiyodhibitiwa, na hilo ndilo la kumpeleka kliniki. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi hutoa mtetemo huohuo mwembamba, ukifuatana na jasho, moyo kwenda mbio na kukonda ilhali mtu anakula.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akitetemeka huku anatoka jasho na kuhisi njaa ya ghafla, achukuliwe kuwa sukari imeshuka mpaka kipimo kiseme vingine. Chini ya 4 kwenye kipimo cha milimoli ni chini. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, anywe, subiri dakika 15, pima tena; kama bado, rudia. Ikipanda, ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu.

Mnywaji wa kila siku naye hutetemeka asubuhi kabla ya glasi ya kwanza, na ndugu humlazimisha aache siku hiyohiyo kwa nia njema. Mtetemo wa kukosa pombe huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege la mtu mzima linaweza kufuata ndani ya siku mbili, kisha kuchanganyikiwa. Aliyekunywa sana kwa miaka aache chini ya uangalizi wa hospitali.

Tukitoa hayo, inabaki mitetemo miwili ya kudumu ambayo watu huichanganya na kuiita uzee. Ya kwanza hutokea mkono ukiwa kazini: kushika kikombe, kupeleka kijiko mdomoni, kutia sahihi. Ukiuweka mkono mapajani hutulia. Kwa kawaida hushika mikono yote miwili, mara nyingi imo ndani ya ukoo, na kichwa kinaweza kutikisika kama anayekataa kitu. Mwambie achore mduara wa konokono kwenye karatasi bila kuegemeza mkono. Mistari itatoka na mawimbi. Propranololi husaidia wengi, lakini mwenye pumu asipewe, na anayeitumia asiiache ghafla. Kikombe kizito, kijazwe nusu, kijiko chenye mpini mnene: haya hupuuzwa, lakini ndiyo yanayomrudisha mtu kwenye meza ya chakula na wenzake.

Ya pili hutokea mkono ukiwa umepumzika. Huanzia upande mmoja, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kana kwamba mtu anaviringisha kidonge, na hupungua anapounyoosha mkono kuchukua kitu. Huu ndio mtetemo wa Parkinson, ugonjwa uliopewa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Lakini kinachomwangusha mgonjwa zaidi ni kupungua kwa mwendo kuliko mtetemo: hatua fupi, mkono mmoja usiopunga akitembea, mwandiko unaozidi kuwa mdogo kadiri mstari unavyokwenda, sauti ya chini, uso usio na tabasamu. Wengine hawatetemeki kabisa. Ulimwengu uliuona mtetemo huo mwaka 1996 Muhammad Ali alipowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, mkono wake wa kushoto ukitikisika. Karibu na sisi, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba wengi wa waliokuwa na ugonjwa huu hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini.

Dawa yake kuu ni levodopa, na hunywewa nusu saa hivi kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maharage na maziwa hushindana nayo kuingia mwilini. Kuna jambo wengi hawalijui: mbegu za upupu, huuhuu unaowasha, zina levodopa ndani yake. Hili limewafanya watu wauze unga wa upupu kama tiba. Dawa imo kweli, lakini kiasi chake hutofautiana mbegu kwa mbegu, na anayeuchanganya na vidonge vya hospitali anaweza kupata kichefuchefu, presha kushuka akisimama, au mwili kujinyonganyonga kwa dozi kuzidi. Anayeutumia amwambie daktari.

Mtoto "mtukutu"

Hapa ndipo neno linapoumiza. Mtoto wa darasa la pili anapepesa macho kwa nguvu, kisha baada ya miezi miwili anaacha na kuanza kuinua bega, kisha anaguna au kusafisha koo bila mafua. Mwalimu anaona dharau, mzazi anaona tabia mbaya, na kiboko kinatafutwa. Misogeo hiyo inaitwa tiki. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 5 na 7, hupamba moto kati ya 10 na 12, na kwa wengi hupungua sana ujana unapokwisha. Wavulana huipata zaidi ya wasichana. Ikiwa kuna misogeo kadhaa pamoja na sauti, kwa zaidi ya mwaka, na ilianza kabla ya umri wa miaka 18, ndiyo hali iliyopewa jina la Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, aliyeieleza mwaka 1885. Ile dhana kwamba kila mwenye hali hii hutukana ovyo si kweli; wanaofanya hivyo ni wachache.

Kinachowachanganya watu wazima ni kwamba mtoto anaweza kuizuia kwa muda. "Mbona mbele ya babu ulitulia?" Alitulia kama mtu anavyozuia kupiga chafya, na akifika nyumbani zinamwagika zote. Kabla ya tiki kuna mwasho au msukumo ndani ya kiungo, na tiki huupoza. Kumkemea humzidishia wasiwasi, na wasiwasi huzidisha tiki. Kinachofanya kazi ni kutoitaja, kumweleza mwalimu, na kwa mtoto mkubwa kumfundisha msogeo wa kushindana: anayerusha shingo, akihisi msukumo unakuja, ashushe kidevu taratibu na kukaza misuli ya shingo kwa dakika moja hivi mpaka msukumo upite. Hufanyiwa mazoezi wakati wa utulivu, si katikati ya darasa. Dawa zipo kwa wale wanaoumia au wanaoshindwa kusoma kabisa.

Kutukutika kwa kweli ni kitu tofauti na tiki, na katika nchi zetu si cha kupuuza hata siku moja. Mtoto wa miaka 5 hadi 15, mara nyingi msichana, aliyekuwa na mwandiko mzuri, ndani ya wiki chache anaharibika: anaangusha sahani, uso unakunjamana, mabega na vidole haviishi kusogea, analia bila sababu. Mwambie atoe ulimi na aushikilie nje; hauwezi, unaingia na kutoka. Mwambie akushike vidole viwili; mshiko unakaza na kulegea, unakaza na kulegea, kama wa mkamuaji. Akilala, yote yanaacha. Hali hii hufuata maambukizi ya koo ya bakteria yaliyopita wiki au miezi kadhaa nyuma, na ni mojawapo ya sura za homa ya baridi yabisi, ileile inayoharibu vali za moyo. Msogeo wenyewe huisha baada ya miezi. Moyo ndio hubaki na deni. Mtoto huyu anahitaji kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti na sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, hata baada ya mikono kutulia. Wengi huacha hapo mikono inapotulia.

Mchanga wa siku chache akitetemeka kidevu au mikono anapolia au kufunuliwa nguo, mshike kiungo hicho taratibu, ukikikunja kidogo. Kikitulia mkononi mwako, ni mtetemo wa kawaida, ingawa sukari ya chini inaweza kuuleta, kwa hiyo anyonyeshwe mara moja, ukiendelea, apimwe. Kikiendelea kuruka ndani ya mshiko wako, au macho yanakwenda upande mmoja, au midomo inanyonya hewa tu, hilo ni degedege na ni safari ya hospitali. Mchanga aliyenyonya vizuri siku mbili za mwanzo kisha akashindwa kunyonya na kukakamaa kila akiguswa au kukiwa na kelele, fikiria pepopunda.

Degedege la homa, kati ya miezi 6 na miaka 5, lina imani zake: kwamba ni ndege au nondo, kwamba sindano itamuua mtoto. Imani ya sindano imewachelewesha wengi wenye malaria kali. Mlaze ubavu, legeza nguo, usitie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, usisubiri. Hata likiisha mapema, apimwe malaria siku hiyohiyo.

Dawa na sumu

Msichana amepewa metoklopramaidi ya kuzuia kutapika. Kesho yake shingo inapinda upande, macho yanapanda juu hayashuki, ulimi unatoka, na akili iko timamu, anasikia kila kitu. Nyumbani wataita shekhe au mchungaji, zahanati itafikiria pepopunda. Ni madhara ya dawa, hutokea zaidi kwa vijana ndani ya siku moja hadi tatu, na sindano ya dawa kama prometazini au biperideni huyaondoa, mara nyingi ndani ya saa moja. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, nayo huleta madhara hayo. Swali la kumsaidia ni moja: amemeza nini tangu juzi?

Mkulima aliyepuliza nyanya au pamba kisha misuli ikaanza kupwita mwili mzima, huku mate na jasho vinamtoka, mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano na kifua kinakoroma, amelewa sumu ya jamii ya ogano-fosfeti. Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi pamoja na nywele na chini ya kucha, wewe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Usimtapishe, usimpe maziwa. Beba kopo la dawa lenye lebo yake, maana atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, hutolewa upesi zaidi daktari akijua ni nini.

Kusinzia kichwa

Huko Mahenge, Morogoro, tangu miaka ya 1960 imeelezwa hali ya watoto ambao kichwa kinadondoka mbele na kuinuka tena na tena, mara 5 hadi 20 kwa dakika, macho yakiwa hayaoni mbele yao. Watu wa huko huiita kusinzia kichwa. Ilikuja kuonekana pia kwa wingi kaskazini mwa Uganda na Sudani Kusini. Mara nyingi huja wakati wa kula. Mgeni akimwona mtoto ugalini atasema ana usingizi, na jina lenyewe linamsaidia kukosea. Ni kifafa. Vipimo vya umeme wa ubongo vimeonyesha hivyo, na uhusiano wake na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi, umeonekana mara kwa mara. Dawa za kifafa hupunguza kusinzia. Aivamektini inayogawiwa vijijini hupunguza usubi. Mtoto huyu asiachwe karibu na moto wala mto.

Namna ya kurekodi

Msogeo hauji kliniki kwa miadi. Simu ndiyo itakayoupeleka. Anza na mwili mzima kwa sekunde 20, kisha sogea usoni, kisha kwenye kiungo kinachocheza. Rekodi angalau dakika moja, taa ikiwa mbele ya mgonjwa. Ukirekodi, sema kwa sauti saa ilipoanza na upande gani. Mwite jina uone kama anaitikia. Kishike kiungo uone kama kinatulia. Akizinduka, endelea kurekodi dakika mbili zaidi, maana kuduwaa kwake baada ya tukio kunamwambia daktari mengi.

Kwa mtetemo wa mikono, rekodi mara tatu: mikono ikiwa mapajani huku anahesabu kwa sauti kutoka 100 kurudi nyuma akitoa 7 kila mara, mikono ikiwa imenyooshwa mbele, na akimimina maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Kwa uso, mwambie atabasamu, afumbe macho kwa nguvu, kisha atulie. Video hiyo ni ya daktari. Kundi la ukoo la WhatsApp halina mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Pamoja nayo beba orodha ya dawa zote za mwezi uliopita, zikiwemo za pumu, za kutapika, za usingizi na za mitishamba, na majibu ya maswali mawili: je, huacha akilala, na je, anaweza kuuzuia akitaka?